Mafiga ya Shamba Lililolala

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala meza. Agronomu wa teritware, yaani mkubwa wa kilimo katika Kailo yote, alitazama viatu vyangu vipya, akaniambia nivivue nisije nikavijutia, kisha akatangulia kwenye njia ya nyuma ya ofisi bila kugeuka kuona kama namfuata. Tulitembea mpaka nikaanza kujiuliza kama huu ndio uajiri au ni adhabu. Aliposimama, mbele yetu palikuwa na miti tu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona pori, shefu."

"Pori ya nani?"

Nilifikiri ni mtihani wa dini. "Ya Mungu, shefu."

"Mungu halimi mupunga hapa Kailo. Zunguka, uangalie vizuri, uniletee jina ya mwenyewe."

Nilizunguka nikarudi mikono mitupu. Ndipo akanifundisha somo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Alinionyesha mti mweupe wa mbao nyepesi, majani yake mapana yamekaa juu kama mwavuli, mizizi yake imetoka nje ya udongo. Kwa sababu ya umbo hilo Wabelgiji waliuita parasolie, na sisi tukalichukua jina. Parasolie haioti ndani ya giza la msitu mkubwa. Inataka jua, na jua huingia pale mti mkubwa ulipoanguka, au pale mtu alipofyeka. Ukikuta parasolie moja, huenda ni upepo. Ukikuta parasolie mia zimesimama pamoja, na michikichi miwili mitatu katikati yake, hapo palilimwa. Mtu huyo hajatupa shamba lake. Amelilaza.

Katika vitabu vya shule kulala huko kunaitwa jasheri. Shamba jipya linapandwa mpunga na mahindi, halafu muhogo, halafu linaachwa. Parasolie zinakuja, zinamwaga majani yao, udongo unarudisha nguvu, na baada ya miaka mingi mwenyewe anafyeka tena. Ukiweza kukumbatia parasolie na vidole vyako vikagusana kwa shida, shamba limelala vya kutosha. Kwa hiyo mkulima wa kwetu anakuwa na mashamba matano au sita, ingawa unamwona akilima moja tu. Hayo mengine ndiyo akiba yake. Asiyejua hilo huona mwanamke mwenye kipande kidogo cha mpunga na pori nyingi isiyo na kazi.

Basi nikawa moniteri, jina tunalompa mtumishi wa kilimo anayetembea vijijini. Nilipewa mnyororo wa kupimia, daftari, na baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga. Kila shamba lililofyekwa nililizungusha mnyororo, nikaandika jina la mwenyewe, mwaka, na mashamba yake yaliyolala. Agronomu alikuwa mkali kwa daftari hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Ukikosea jina alikurudisha kwa miguu hata kama mvua inanyesha, na mimi alinirudisha mara mbili.

Katika kazi hiyo ndipo nilipomfahamu Mama Faida. Wakati huo alikuwa bibi arusi, hajawa mama ya mtu. Mume wake alikuwa amefyeka msitu mkubwa, kazi ya wanaume wa zamani, na mimi nikapima. Nakumbuka kwa sababu yule bibi arusi alinifuata nyuma kwenye pembe zote nne, akaniambia mnyororo wangu umelegea.

"Kaza, moniteri. Ukiandika kidogo, kesho watasema njo kidogo."

Nilikaza. (Njo ya kwetu ni ndiyo ya shuleni.) Baada ya mavuno ya mwisho ya muhogo nilirudi kuandika kwamba shamba linalala, na nikamkuta anafanya jambo ambalo agronomu hakuwa amenifundisha. Kila shamba la mpunga lilikuwa na kibanda cha kulindia ndege, na ndani yake mafiga, mawe matatu ya kupikia. Katika ukoo wao, mama mwenye shamba akimaliza mavuno ya mwisho hubomoa kibanda, kisha huyageuza mawe yale, upande wenye masizi ukae chini, na kuyaacha palepale. Maana yake shamba limelala na aliyelilaza yuko. Yeyote atakayetaka kufyeka hapo sharti amtafute mama aliyegeuza mafiga. Mama huyo akiyachukua kwenda nayo nyumbani, hapo amekata tamaa, pori imerudi kwa wote. Sijamwona mama aliyeyachukua kwa hiari yake. Niliandika jasheri, nikaandika na mafiga. Agronomu alisoma, akasema hiyo ndiyo alama nzuri kuliko mnyororo wangu.

Kisha vikaja vita. Sitasimulia ya bunduki, wako wanaoyajua zaidi yangu. Nitasimulia ya mashamba. Kila lililokuwa karibu na njia lilivunwa na wenye silaha kabla ya mwenyewe, wakaja wengine wakavuna mabaki. Watu waliacha mashamba ya njiani. Wengine walijificha ndani kabisa, wakalima vipande vya ukubwa wa ua, wasichome moto ili moshi usiwataje. Wengine tulikimbilia Kindu, na Kindu nayo ikafungwa, kwani kwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, nje ya mji kulikuwa kutafuta kifo. Mume wa Mama Faida alitoka asubuhi moja kutafuta muhogo, hakurudi. Mama alibaki Mikelenge, mtaa wa Kindu, na watoto wake, akilima pembeni ya nyumba za watu.

Ofisi yetu ya Kailo ililaliwa na askari. Niliporudi nilikuta kabati liko wazi, na daftari zetu zote, miaka yote ile ya mnyororo, zilikuwa zimewashia moto wa kupikia. Nilikusanya majalada matupu. Agronomu alikuwa ameshafariki, na namshukuru Mungu kwamba hakuyaona.

Kwa hiyo pigeni hesabu nyinyi wenyewe. Mashamba yaliyolazwa kabla ya vita yaliendelea kulala muda wote wa vita, na miaka kadhaa baada yake, kwa sababu wanaume wa kufyeka walikuwa wamekufa au wamekwenda machimbo ya Kampene. Parasolie zikanenepa kupita kukumbatiwa. Chini yake miti mingine ikaanza. Ukipita haraka, ukiwa umetoka mbali, na jua ni kali, utaapa ni msitu wa tangu Adamu.

Ndipo ikafika projeti. Jina lake nitaliacha. Ilikuja na magari, mabuti ya mpira, na neno moja ambalo tulilisikia mpaka masikio yakachoka: uoto wa asili. Uoto wa asili wa Maniema ulikuwa hatarini, ulimwengu mzima ulikuwa unautegemea, na ilibidi ulindwe. Mimi sina ugomvi na msitu. Nimekula asali yake na dawa zake, na sijui mkulima wa Kailo ambaye angetaka uishe. Lakini hakuna aliyeuliza mlinzi wa msitu huo atakula nini, na nani angelipia ulinzi wenyewe.

Mimi, moniteri ambaye serikali ilikuwa imenisahau miaka mingi, niliitwa kwa sababu nilijua njia. Nilipewa koti la mvua na ndoo ya rangi nyekundu. Kazi ilikuwa rahisi. Tutembee na Injinyeri, kijana aliyesoma sana, mpole wa sauti, na kila tulipofika kwenye miti nijaze fishi, karatasi ya sehemu ile, kisha nipake alama. Fishi ilikuwa na vyumba viwili vya kutia msalaba. Kimoja kilisema shamba, cha pili kilisema uoto wa asili.

Siku ya tatu tulifika mahali ambapo miguu yangu ilisimama kabla ya kichwa kuelewa. Parasolie zilikuwa nyingi, na michikichi mitatu imepotea kati yake. Nilipajua. Pembe zote nne nilizijua.

"Injinyeri," nikasema, "na shamba yenye kulala, ninaiandika wapi?"

"Iko na miti?"

"Ndiyo, shefu."

"Miti ilipandwa na muntu?"

"Apana. Imekuja yenyewe. Lakini hapa palikuwa mupunga, miye mwenyewe nilipima."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. "Papa Ramazani, kama muti umekuja wenyewe, njo asili hiyo. Tia musalaba, jua linakwenda."

Nikatia msalaba. Sitajitetea. Nilijiambia Mama Faida labda amefariki Mikelenge, labda hatarudi, labda kuna siku ya kusahihisha. Nilikuwa nimekaa miaka bila mshahara, na koti lilikuwa zuri. Nikachovya brashi. Agronomu wangu aliniuliza swali moja siku ya kwanza ya kazi yangu, na mimi, niliyekuwa najua jibu, jina na pembe zote, nilinyamaza nikapaka rangi.

Mama Faida hakuwa amefariki. Alikuwa amerudi kijijini, analima kipande kidogo kilichochoka, akingoja. Kufyeka pori nene si kazi ya mwanamke na panga moja, kunataka kikundi cha watu wanaosaidiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Alikuwa ametumikia mashamba ya wengine misimu miwili ili zamu yake ifike. Kiangazi kile ikafika. Aliondoka asubuhi na watu kumi na chakula chao, akakuta miti yake ina alama nyekundu, na walinzi wawili wakamwambia akikata hata mmoja atafungwa. Watu kumi walirudi nyumbani, zamu yake ikahesabiwa imetumika.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Hakupiga kelele. Alibaki mlangoni.

"Moniteri, nimeambiwa rangi njo mukono wako."

"Njo mukono wangu, Mama Faida."

"Ulisahau shamba yangu?"

Ningeweza kusema ndiyo, na angenisamehe palepale, kwa maana kusahau ni kwa binadamu. Nikamwambia sikusahau. Alikaa chini kwenye kizingiti, kisha akasema, "Basi simama, twende kwa mukubwa wako."

Injinyeri alitupokea vizuri, akatuletea viti, hilo siwezi kumnyima. Akauliza kama kuna karatasi. Nikamwambia karatasi zilipikia askari. Akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Mama Faida akamwambia iko, avae mabuti.

Alitutangulia ndani ya parasolie bila njia, akihesabu michikichi kwa kidole. Alipofika alipopataka aliinama akafuta majani kwa panga, akachimba udongo laini kiasi cha kiganja, na mawe yakaonekana, yote matatu yamekaa kama alivyoyaacha. Akatoa la kwanza, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa mweusi bado. Alipitisha kidole akamwonyesha Injinyeri masizi.

"Huu moto niliwasha miye," akasema. "Bwana yangu alikula hapa. Faida alijifunza kutembea hapa. Sasa niambie hii asili yenu ilipikiwa na nani."

Nilifikiri tumeshinda. Nasema kweli, nilitabasamu. Injinyeri alichuchumaa, akapiga mawe picha, akaandika, akaonekana ameguswa. Kisha akatueleza taratibu kwamba ni muhimu sana tulichomwonyesha. Inaonyesha kuwa pahali hapa paliwahi kuharibiwa na binadamu, na kwamba uoto umefaulu kujirudisha wenyewe. Kwa hiyo panastahili kulindwa kuliko hata sehemu nyingine. Zaidi ya hayo, ramani ilikuwa imekwisha tumwa.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine walevi, wengine wezi wa mchana. Hakuna aliyewahi kunikasirisha kama yule kijana mpole. Mlevi humwambia mkulima toka, na wote wawili wanajua ni uonevu. Huyu alimweleza mwanamke kwamba kulilaza shamba vizuri ndiko kulikomfanya alipoteze. Angekuwa mkulima mbaya, angelima bila kupumzisha mpaka udongo ukageuka mchanga, leo angekuwa nalo. Niliweka ndoo ya rangi chini mbele yake, nikamwambia koti nitalileta kesho. Hakuna kilichobadilika kwa sababu ya koti langu, lakini nililirudisha.

Ulifanyika mkutano wa kuwafidia waliopoteza. Tulifundishwa siku mbili faida ya nyuki, kila mwenye shamba akapewa mzinga. Mizinga ilikuwa mizuri, imepakwa mafuta. Nyuki hawakuhudhuria semina. Mama Faida aliutumia wake kufugia kuku, na ndio faida pekee niliyoishuhudia.

Sasa niwaambie gharama, kwa kuwa nimesikia redio ikisema wakulima wetu hawakupoteza kitu, eti ardhi ile haikuwa na kazi. Mama Faida alikuwa na mashamba manne yaliyolala. Matatu yalikuwa ndani ya alama. Akabaki na moja, mbali na kile kipande kilichochoka, na moja haliwezi kulala, kwa maana litakapolala atakula wapi? Akalilima mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mfululizo. Mpunga ukawa mfupi, kisha ukawa magugu yenye punje chache, kisha muhogo nao ukatoa mizizi ya unene wa vidole. Kabla ya vita kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini aliyekuja mpaka kijijini kununua mpunga wake, wakibishana bei kama ndugu. Miaka michache iliyopita nilimkuta Mama Faida kwenye duka la mtu huyohuyo hapa Kindu, amesimama upande wa pili wa meza, ananunua unga wa muhogo kwa kikombe.

"Mama, leo njo weye unanunua?" mwenye duka alimwuliza, na hakuwa anamcheka, alishangaa kweli.

"Njo miye," akajibu. "Jaza kikombe vizuri."

Na msitu wenyewe, ambao kwa ajili yake yote haya yalifanyika? Wakulima si wajinga. Waliona ni shamba gani lilichukuliwa na lipi liliachwa. Lililokuwa na parasolie lilichukuliwa. Basi tangu hapo, parasolie ikichungulia tu, ikiwa na majani mawili, inang'olewa. Hakuna tena anayethubutu kulaza shamba likafikia kukumbatiwa. Mti ambao nilitumwa kuwafundisha watu kuuheshimu kama dawa ya udongo, leo unaogopwa kama barua ya mahakama. Nenda njia ya Kailo uone mashamba yaliyokonda, wazi, hayana kivuli. Nimesikia projeti sasa inafanya uchunguzi kwa nini watu wanachukia miti. Hawakuja kuniuliza, na wangekuja ningewaonyesha ile fishi yenye vyumba viwili.

Nilistaafu bila sherehe. Nina nyumba Mikelenge na shamba dogo nyuma yake, na mimi mwenyewe, moniteri wa zamani, kila wiki nainama na mgongo wangu huu nang'oa parasolie changa. Nang'oa huku nikiona haya. Vijana wa kilimo hupita kunisalimia, wana simu zinazopima shamba bila mnyororo, na nawaonea wivu kwa hilo. Lakini nikiwauliza pembe hii ni ya nani, wananisomea namba.

Mwaka jana, kiangazi, Mama Faida alivuka mto kuja kwangu. Amezeeka, binti yake Faida alikuwa amembebea kapu zito. Mke wangu alimpa kiti na maji. Hakuketi. Akamwambia Faida afunue kapu, na ndani yalikuwa mafiga yale matatu. Walikuwa wameingia ndani ya alama kuyachukua, walinzi waliwaacha wapite, nani atamfunga ajuza kwa mawe.

"Nimeyatoa," akasema. "Siwezi kukufa nimeacha uongo kwenye pori. Shamba halilali tena, limekwenda."

"Umeyaleta kwangu kwa nini, Mama?"

"Nyumbani kwangu yatapikia watu. Miye sitaki kula juu yake. Weye njo ulipima, weye njo ulipaka. Kaa nayo."

Alikunywa maji akiwa amesimama, akamshukuru mke wangu, wakaondoka. Alifariki kabla ya mvua.

Mafiga yako uani kwangu, karibu na ukuta. Juzi tulikuwa na kilio cha jirani, wageni wengi, meko hayakutosha masufuria. Mke wangu akayaona, akayaita kwa jina lake, mafiga, akataka kuyasogeza penye moto. Nilimkatalia kwa sauti ambayo hajaisikia tangu tuoane, wageni wakageuka. Kisha nikainama nikayaweka tena kama yalivyokuwa, upande wa masizi chini.

"Kwani ni ya nani?" mgeni mmoja akaniuliza.

Safari hii nilijibu.